Mashine ya kufulia kwa nyumba ya sola: tazama hita kwanza

Wateja wengi wakija dukani huuliza, "Inveta yangu itaibeba?" yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, huku wakiangalia mashine ni ya kilo ngapi za nguo. Kilo si hoja sana. Mota ya kuzungusha nguo hula wati mia chache tu. Mlaji mkubwa ni hita. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina hita ya wati 2,000 hivi, na hiyo ndiyo huzima inveta ya wati 1,500 dakika chache baada ya kuwasha, mtu akadhani kauziwa mashine mbovu.

Hebu tupige hesabu. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunataka takribani uniti (kWh) 0.6. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, hubeba uniti 1.2, na ukitaka idumu usivuke nusu yake. Kwa hiyo ukifua mara moja tu kwa maji moto, umeme wako wa taa na TV usiku umekwisha.

Basi tafuta mashine yenye programu ya maji baridi, isiyogusa hita kabisa. Ile ya nyuzi 20 si lazima iwe hivyo: Njombe mwezi wa Julai, maji ya tangi yako chini ya hapo, na hita itawaka. Sabuni ya unga iyeyushe kwanza pembeni, au tumia ya maji.

Upande wa mota, chukua iliyoandikwa "inverter". Haihusiani na inveta yako ya ukutani. Maana yake mota inaanza taratibu bila kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Ila inveta yako nayo iwe ya wimbi safi (huandikwa "pure sine wave"), kwani zile za bei ya chee hufanya mota ingurume na kupata moto.

Ukinunua mtumba wa Ulaya, soma lebo. Zilizotoka tangu Machi 2021 huandika uniti kwa kufua mara 100. Za zamani huandika uniti kwa mwaka. Usilinganishe daraja la A+++ la zamani na B la sasa, ni vipimo viwili tofauti.

Kwa mfumo mdogo, sisi tunapendekeza bila aibu ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Wapo wanaoidharau. Lakini nyingi hazina hita, na maji unaweza kumimina kwa ndoo, hivyo hata kama Simtank yako iko chini na presha ni ndogo, kazi inaendelea.

Fua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, paneli zikiwa kazini, na pasi na pampu zisubiri. Ukija dukani, njoo na picha ya kibandiko cha inveta yako na idadi ya betri; tutakuambia ipi itafaa kabla hujatoa hela.