Filamu ya Jumamosi: muda umebadilika

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Jumamosi hii tunaangalia The Song of Bernadette, ya mwaka 1943, ukumbi wa parokia hapa Shangani. Tutaanza saa 9 alasiri badala ya saa 11, maana urefu wa filamu unazidi saa mbili na nusu na ndugu zetu wa Mikindani wanatakiwa kuwahi gari.

Haina rangi, lakini msiikatae kwa hilo. Binti maskini wa Lourdes, Ufaransa, mwaka 1858, anasema amemwona Bibi mmoja pangoni. Paroko anamtilia shaka, mwendesha mashtaka anambana, naye habadilishi neno. Wenye mashaka wamepewa nafasi ya kusema yao yote, na kwangu ndiyo maana filamu hii haichuji. Jennifer Jones alipata Oscar kwa kumwigiza Bernadette.

1. Mchango sh. 2,000, watoto bure. Umfikie mhazini kabla ya Alhamisi jioni.
2. Akina mama: chai na mihogo.
3. Vijana: viti na projekta, mfike saa 8.

Lugha ni Kiingereza, katekista atatufafanulia.

Tafadhali andika hapa "Nipo" na idadi ya mtakaokuja, mwisho Alhamisi hiyo hiyo.