Barua kutoka Sur, yalikotoka majahazi

Sur, Oman
Januari

Sahibu yangu wa tangu chuoni,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, na natumai wewe, mama na watoto hamjambo nyote. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Lile neno la mwisho, kwamba unafikiria kuuza zana za useremala za marehemu baba yako, tezo na keekee, na kuachana na ujenzi wa majahazi, limenikaa rohoni. Sikukujibu papo hapo kwa sababu nilitaka nifike hapa kwanza. Sasa nimefika. Nakuandikia nikiwa mkahawani, ukingoni mwa hori la Sur, na kaskazi inayopeperusha karatasi hii ndiyo hiyo hiyo inayovuma kwenu Matondoni, kule Lamu.

Kutoka Muscat ni kilomita kama 200, barabara nzuri, milima mkono mmoja na bahari mkono wa pili. Njiani watu husimama kuona shimo la Bimmah, ambapo ardhi ilididimia ikaacha dimbwi la maji ya rangi ya kijani, na bonde la Wadi Shab lenye mitende na maji baridi. Pazuri, sikufichi. Lakini mimi nilipiga jicho tu nikaendelea, maana roho yangu ilikuwa mbele.

Nilipokaa ni Qalhat, kabla tu ya kuingia Sur. Huu ulikuwa mji mkubwa wa bandari chini ya wafalme wa Hormuz, farasi wakipakiwa hapa kwenda Bara Hindi. Wareno waliuchoma mwaka 1508. Leo kilichobaki kimesimama ni ziara moja, kaburi la Bibi Maryam, ambaye aliwahi kuutawala mji huu baada ya mumewe kufariki. Kuba lake limeanguka, kuta zimebaki zinatazama bahari. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia, kama Lamu yetu ilivyoingizwa 2001.

Unajua ni nani aliyepita hapa? Ibn Battuta, msafiri wa zamani kutoka Morocco, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kutoka Kilwa alipanda chombo mpaka Dhofar, akapanda kingine mpaka bandari ya Sur. Akaiona Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Kijana aliyemchukua awaongoze njia alikuwa na nia ya kuwaibia nguo zao. Walikumbwa na kiu na usiku, akaingia mjini miguu imevimba hawezi kukanyaga. Baadaye akasimulia kwamba samaki aliokula Qalhat hakupata kula mfano wao kwingine, wakichomwa juu ya majani ya miti na kuliwa na wali wa mchele uliotoka Bara Hindi. Nilisimama pale nikafikiri: mtu huyu alikuwa ametoka kwetu. Pwani yetu aliiacha nyuma yake kwa tanga, kwa upepo ule ule wa kusi ambao babu zetu waliungojea kila mwaka.

Sasa nije kwenye mji wenyewe. Sur imekaa pande mbili za hori. Upande ule wa pili ni Al-Ayjah, nyumba nyeupe, minara ya walinzi juu ya vilima, na mnara wa taa uliokuwa ukiwaonyesha manahodha mlango wa bandari. Siku hizi kuna daraja linaloning'inia kwa nyaya kuunganisha pande hizo, lilifunguliwa 2009. Waarabu hori wanaliita khor, na nilipolitamka la kwetu, muuza chai alitabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Kuna chombo kimoja hapa ningependa ukione kwa macho yako. Kinaitwa Fatah al-Khair. Ni ghanjah, jahazi kubwa ambalo tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, imechongwa nakshi, la tani kama 300. Lilijengwa hapa hapa Sur mwaka 1951, likafanya biashara yake, mwisho likauzwa likaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana fedha wakalinunua tena na kulirudisha kwao. Nilizunguka kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nikapapasa mbao. Wewe ungejua mara moja ni msaji wa Malabar, kule Bara Hindi. Mimi ilibidi niulize.

Kisha nikaenda karakana. Sahibu, harufu! Nilifunga macho nikawa kwenu kabisa: mbao mbichi, sifa ya papa, yale mafuta yake, na pamba ya kukalafati, ya kuziba nafasi za mbao. Chombo kilikuwa kimesimamishwa juu ya magogo, na fundi, mtu wa Kerala, Bara Hindi, mwenye nywele nyeupe, alikuwa anachonga kwa tezo. Alikuwa ameishika kama marehemu baba yako alivyokuwa akiishika, kidole gumba kikiwa juu ya mpini, mguu umetangulizwa mbele. Hakuna ramani wala mchoro. Aliniambia kwa Kiarabu cha kuungaunga kwamba mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hulazwa, mbao za ubavuni hupandishwa, halafu ndipo mataruma, zile mbavu za chombo, hutiwa kwa ndani, na vipimo vyote vimo kichwani mwake. Nikamwuliza ni nani anayejifunza kwake. Akatazama huku na huku, akarudi kwenye kazi yake. Katika karakana ile, siku ile, sikumwona kijana hata mmoja wa Sur akiwa na zana mkononi.

Hapo ndipo barua yako iliponijia tena.

Jioni nilikutana na mzee mmoja msikitini. Alinisikia nikiongea na simu, akanisubiri mlangoni. "Mwanangu, watoka Mrima au visiwani?" Kiswahili cha Unguja, safi, kama hakuwahi kuondoka. Nikampa shikamoo, macho yakamlenga machozi, akasema ni siku nyingi hajaisikia kwa mtu wa umri wangu. Alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya 1970, wakati Sultan Qaboos alipokuwa ameshika nchi na Waomani wengi waliokuwa Afrika Mashariki wakirudi. Lakini baba yake alikuwa baharia wa hapa hapa. Kila mwaka walishuka na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, wakangojea kusi ndipo wapande nayo, wamepakia boriti.

Akanichukua mpaka kwenye nyumba ya zamani ya familia yao, Al-Ayjah. Mlango wa nakshi, ndani giza na ubaridi. Akanyoosha fimbo juu. "Hizo ni za kwenu." Dari zima lilikuwa la mikandaa, miti ya mikoko, boriti zimepangwa moja kwa moja, nyingine bado zina alama ya shoka. Tukahesabu pamoja kwa korija, ishirini ishirini, kama babu yako alivyokuwa akizihesabia pwani kabla boriti hazijapigwa marufuku kusafirishwa. Chumba kile kina upana wa boriti, si zaidi. Ndugu yangu, upana wa vyumba vya watu wa huku umepimwa kwa miti ya mikoko yetu.

Nilimwuliza pia jambo ambalo sikuweza kuondoka bila kuliuliza. Majahazi ya Sur hayakubeba boriti na tende peke yake. Yalibeba watu. Unguja ya karne ya 19, msimu wa kaskazi ulipoingia, wazazi waliwaficha watoto wasije wakaibwa na mabaharia waliotoka kaskazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara iliendelea kwa siri, na wenye vyombo wengi wa Sur walijipatia hati na bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zisiwasimamishe kuwapekua. Jambo hilo lilifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatoka mwaka 1905. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama wa baba yangu alitoka Bara, akiwa mtoto. Jina la kwao hatukulijua." Hakusema zaidi, wala mimi sikumdai. Tulikaa chini ya zile boriti mpaka adhana ya isha.

Nakuandikia hili kwa sababu hata wewe ungeliuliza. Na sitaki nikusifie mji huu kwa uzuri wake peke yake nikaficha lile.

Nilikula nguru wa kuchomwa na wali wa ndimu, halua na kahawa chungu. Alfajiri nilikwenda Ras al-Jinz, kwenye hifadhi ya kasa, karibu na ncha ya mashariki kabisa ya bara la Arabuni, jua linapochomoza kabla ya kwingine. Msimu mkubwa wa kutaga ni wakati wa joto, kwa hiyo nilimwona kasa mmoja tu, mkubwa, akirudi majini taratibu na kuacha mkokoto mchangani. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiwafuata kule kwetu na kupigiwa kelele na wazee.

Sasa nirudi kwenye zana zako. Najua jahazi la mbao halilipi kama zamani, najua faiba imeingia na msaji umepanda bei, na watoto wanataka ada ya shule. Sitakuambia uendelee kwa ajili yangu mimi niliyekimbilia ofisi yenye kipoza hewa. Lakini watu wa Sur walikubali kutoa fedha zao kukirudisha chombo kimoja, na hawakuweza kuirudisha mikono iliyokijenga. Ile mikono kwenu bado ipo. Ni yako, na ya mwanao mkubwa, ambaye barua yako yenyewe inasema anapenda kukaa karakanani badala ya kucheza mpira.

Kwa hiyo nakuomba moja. Tezo usiiuze kabla sijafika. Narudi mwezi wa tatu inshallah, kabla ya kaskazi kwisha. Nimekununulia pamba ya kukalafati kwa yule fundi wa Kerala, na amenichongea kipande cha msaji nikuletee. Amesema utajua mwenyewe cha kukifanyia.

Nisalimie mama, mwambie halua yake iko njiani. Nijibu upesi.

Wako sahibu,
wa tangu chuoni