Samadi ya kuku inabeba usugu wa dawa hadi mtoni

Mhariri,

Nafuga kuku wa mayai hapa Ipogolo, Iringa. Juzi nilimkuta jirani yangu akikoroga oksitetrasaiklini, ile dawa ya kuua bakteria ya unga wa njano, kwenye ndoo ya maji ya vifaranga wazima kabisa. "Nawakinga na baridi," akaniambia. Sikumlaumu, kwani hata mimi nimefanya hivyo miaka mingi.

Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Kinyesi tunakiuza kwa viroba, kinamwagwa kibichi kwenye matuta ya mchicha na chainizi, na mvua ikinyesha kinasombwa hadi Mto Ruaha Mdogo. Njia nzima bakteria dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaana. Kinachonitisha zaidi ni kwamba hupeana vinasaba vya usugu hata na bakteria wa aina nyingine, wakiwemo wanaotuletea magonjwa sisi binadamu. Ndiyo maana hata mtu asiyemeza vidonge ovyo anaweza kuugua na dawa zikagoma. Mwaka 2019 pekee, usugu huu ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Nawaomba maofisa mifugo watufuate mabandani. Watusisitize kuchanja kwa wakati, kubadilisha maranda yakilowa, na kurundika samadi iive kwa wiki kadhaa kabla haijaenda bustanini. Na wauzaji wa dawa za mifugo, tafadhali, mtuulize kwanza kuku wanaumwa nini.

Mfugaji,
Ipogolo, Iringa