Barua ya wazi: Mheshimiwa, naomba nihojiwe kabla ya kupandishwa basi

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya masuala ya wakimbizi,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Nakuandikia kutoka kambini, mkoani Kigoma, na naandika hadharani kwa sababu barua nilizopeleka ofisini hazijajibiwa. Wiki hii gari la matangazo limepita tena kwetu: Warundi wajiandikishe kurudi, nyumbani ni amani. Kesho yake jirani yangu aliamka akakuta ukuta wa nyumba yake umechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ya kubomolewa. Ana watoto wadogo na mvua ndiyo hii inanyesha. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa atakayechelewa kujiandikisha asije akamlaumu mtu.

Mheshimiwa, mimi natoka Musaga, Bujumbura. Aprili 2015, chama tawala kilipomteua Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, niliingia barabarani na vijana wenzangu kupinga. Tulijiita sindumuja, yaani “mimi si mtumwa”, na jina hilo halijafutika vichwani mwa waliotuwinda. Baba yangu ni Mtutsi, askari wa jeshi la zamani, wale wanaoitwa ex-FAB. Nyumba yenye hayo mawili haihitaji kosa la tatu. Tarehe 11 Desemba mwaka uleule kambi za jeshi zilishambuliwa, kisha askari wakaingia mitaani kwetu nyumba kwa nyumba. Walimtoa mdogo wangu amevaa ndala moja. Ya pili ilibaki kizingitini. Mpaka leo hatujaonyeshwa hata kaburi.

Sisemi kila Mrundi akirudi atauawa. Wapo waliorudi wanalima, nawaombea heri. Lakini kambini tumo Wahutu na Watutsi, na kila mmoja ana lililomkimbiza. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alirudi kwao, Imbonerakure, vijana wa chama tawala, wa kijijini kwao wakaanza kumfuata kila jioni wakimuuliza alikuwa na nani huku na walikuwa wakipanga nini. Amekimbia tena. Sasa amejificha kwa ndugu bila kadi ya mgao, anagawana nao sahani ya mahindi.

Mara ya mwisho nilipoitwa kwenye mahojiano, nilipomtaja mdogo wangu karani aliweka kalamu chini. Aliichukua tena aliponiuliza nitarudi lini. Hayo ni mahojiano gani, Mheshimiwa?

Nchi yako naiheshimu. Ndiyo iliyowapokea wazee wetu waliokimbia mauaji ya 1972 kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi, na mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969, ambao Tanzania iliuridhia, unasema katika ibara ya tano kwamba mkimbizi asirudishwe kwao bila ridhaa yake. Safari hizi za kurudi Burundi zilipoanza mwaka 2017 tuliahidiwa hivyohivyo: hiari. Alama nyekundu ukutani ni hiari ya nani?

Huku tunahisi wafadhili wamechoka na mgao umekuwa mzigo. Wengine wanasema wakubwa wa pande mbili wameshaelewana. Kama shida ni chakula, tuambieni ni chakula, mtufungulie soko lililofungwa na mturuhusu kutoka kutafuta vibarua. Tutajilisha. Mikono tunayo.

Ninachoomba ni kimoja. Kabla jina langu halijaandikwa kwenye orodha ya basi, nihojiwe mimi kama mimi, na mtu anayeandika ninachosema. Jirani yangu naye ahojiwe, na yule kijana pia. Majibu tupewe kwa maandishi, na anayekataliwa apewe nafasi ya kukata rufaa akiwa bado yuko huku. Nihojiwe, Mheshimiwa. Nihojiwe kwanza.

Wako mtiifu,
Mkimbizi kutoka Musaga