Barua ya wazi kwa dada yangu: hatujaishiwa, tumepumzika

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na shemeji yako tunakusalimu kutoka jangwani, na tunamshukuru Mungu kwa uzima. Tulipozungumza kwa simu juma lililopita uliniuliza jambo ambalo nilihisi ulikuwa umelibeba moyoni kwa muda mrefu: je, tumeishiwa, hata tukaiacha nyumba yetu ya Minnesota na kwenda kulala ndani ya gari, porini, katikati ya majira ya baridi? Simu ilikatika kabla sijakujibu sawasawa. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa kuwa ndugu na marafiki wengine wameniuliza hilohilo kwa maneno ya kuzunguka, nami sipendi mtu yeyote aendelee kuhuzunika kwa ajili yetu bila sababu.

Nyumba ipo. Tumefunga maji yake ili mabomba yasipasuke kwa barafu, na jirani ana ufunguo. Tunamoishi sasa ni trela lenye kitanda, jiko la gesi, jokofu dogo, choo na bafu, ambalo shemeji yako hulivuta kwa pikapu. Magari na matrela ya namna hii watu wa huku huyaita RV. Tulilinunua kuukuu mwaka tuliostaafu, kwa akiba yetu wenyewe, na hatudaiwi chochote.

Mahali penyewe ni La Posa, nje kidogo ya mji mdogo wa Quartzsite, magharibi ya jimbo la Arizona, yapata kilomita 30 kutoka Mto Colorado. Ni ardhi ya serikali kuu, iliyotengwa tangu miaka ya 1980 kwa wageni wa majira ya baridi, na msimu wake huanza tarehe 15 Septemba na kumalizika tarehe 15 Aprili. Tulipoanza kuja tulilipa dola 180 kwa msimu mzima, ambazo katika mji tunaoishi hazitoshi kodi ya chumba hata kwa juma moja. Hakuna nguzo za umeme wala bomba la maji mlangoni. Kila mtu huchagua mahali pake penye nafasi, akaegesha, akakaa. Wengi wa majirani zetu ni wastaafu kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini, watu waliofanya kazi za mikono na ambao, kama sisi, wanajua thamani ya dola. Mji wenyewe una wakazi wasiozidi 2,500, lakini ifikapo Januari, wakati wa maonyesho ya mawe na vito, matrela hutapakaa mpaka upeo wa macho.

Najua ulipolisikia neno jangwa uliona michanga mitupu. Nami niliwazia hivyo. Jangwa hili, ambalo jina lake ni Sonora, linafanana zaidi na nyika ya upande wa Same na Mkomazi kuliko na picha hizo: vichaka vya miiba, makorongo makavu, milima ya mawe ambayo jioni hugeuka zambarau. Mchana wa Januari joto hufika nyuzi 19 au 20, usiku likashuka hadi karibu nyuzi 5, na blanketi mbili zinatosha. Huko tulikotoka, asubuhi za mwezi huohuo nimewahi kuliwasha gari kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, nikitoka zamu ya usiku, vidole vikiwa havisikii ufunguo.

Mti ninaoupenda kuliko yote hapa ni saguaro, lile dungusi refu lenye mikono. Katika miaka yake minane ya mwanzo huweza kukua sentimita tatu au nne tu, na mara nyingi hauoti mkono wa kwanza kabla ya kupita nusu karne. Mche wake hauwezi kulihimili jua la kiangazi wala baridi ya usiku peke yake, kwa hiyo huchipukia chini ya kivuli cha mti mwingine, na wataalamu wa mimea huuita huo mti mlezi. Mimi niliyewauguza watu kwa miaka 26 nilipoambiwa habari hiyo nilikwenda kukaa karibu na mti mlezi mmoja kwa saa nzima. Ulikuwa umezeeka, matawi ya upande mmoja yamekauka, na saguaro uliolelewa hapo umekwisha kuupita urefu mara tatu.

Uliniuliza pia maji tunayapata wapi, nami nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu maisha yote ya hapa yamejengwa juu ya hilo. Tangi letu linachukua lita 150. Yakiisha, tunakwenda kuyajaza kwenye kituo kilichomo humu humu La Posa, na hapohapo tunayamwaga maji machafu ya jikoni na ya choo, ambayo yana matangi yao na hayaruhusiwi kumwagwa ovyo ardhini. Tumejifunza kulifikisha tangi moja siku nane. Vyombo tunavifuta kwanza kwa karatasi ndipo tunaviosha kwenye karai. Kuoga ni kwa ndoo na kopo, kama tulivyooga uani kwetu Ngamiani, Tanga. Na nakuhakikishia kwamba lita tano za maji ya moto zinamtosha mtu mzima kabisa, jambo ambalo mama alituambia kila siku nasi hatukutaka kulisikia.

Umeme tunaupata kwa jua. Kwa kuwa jua la Januari hupita chini upande wa kusini, shemeji yako huziinamisha paneli za sola zilikabili, na kufikia alasiri betri zimejaa. Mwaka wa kwanza hatukujua kipimo: tuliacha kipasha joto kiwake usiku kucha, tukidhani kinatumia gesi peke yake, kumbe feni yake hunyonya betri, na kabla ya alfajiri tulikuwa gizani tukitetemeka. Sasa tunakizima tunapolala. Tahadhari kubwa zaidi ni ya makorongo. Hata kama ni makavu na yana mchanga laini unaovutia, hatuegeshi humo kamwe, kwa kuwa mvua iliyonyesha milimani usiyoiona huweza kuja na mafuriko kwa dakika chache.

Sasa nije kwenye swali lako lililokuwa gumu kwangu: “Mnafanya nini huko siku nzima?” Dada, majuma matatu ya kwanza nilitaabika. Niliamka saa tisa za usiku nikitafuta sare. Nililifagia trela mara nne kwa siku. Tangu nilipofika Marekani sikuwa nimepata siku tano mfululizo zisizo na kazi, maana palikuwa na zamu za ziada, karo za watoto, matibabu ya baba, na kila likizo niliuza ili nilipwe. Wengi wetu tulio huku tunaishi hivyo, tukajisifu kwa uchovu kana kwamba ni cheti, na nimewazika wenzangu wawili waliokuwa wakisema watapumzika mwakani. Ukimya wa hapa ndio uliotangulia kunituliza. Asubuhi nasikia mabawa ya kunguru akipita juu, mabawa yenyewe, si sauti yake. Ndege wa jamii ya kwale, wenye kishungi cheusi kilichoinamia mbele, hupita karibu na ngazi wakiongozana, na usiku koyoti, ambao ni jamii ya mbweha, huitana kutoka pande zote. Siku hizi nakaa kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha chai ya tangawizi mpaka jua linifikie magotini, na moyo haunidai kitu.

Mara moja kwa juma tunatembea. Kilomita 40 kusini-mashariki kuna hifadhi ya Kofa, iliyoanzishwa mwaka 1939 kuwalinda kondoo wa mwitu wa milimani, na ndani yake mna ufa mwembamba katika jabali ambamo miti ya jamii ya mitende imemea yenyewe, ikifikiwa na jua kwa muda mfupi tu wakati wa adhuhuri. Katika nchi hii kavu kuiona mitende nilitokwa na machozi.

Na kuna kaburi ambalo lazima nikusimulie. Katika makaburi ya Quartzsite umejengwa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi, na juu yake amesimama ngamia wa shaba. Hapo amelala Haji Ali, mtu wa Dola ya Othmani aliyeletwa mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu kubebea mizigo katika majangwa haya. Jaribio lile liliachwa, ngamia wakauzwa, wengine wakatoroka porini. Yeye akabaki, akafariki hapa mwaka 1902. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly, na jina hilo ndilo lililochongwa kaburini. Nilimsomea Fatiha. Mzaliwa wa Ngamiani kumkuta ngamia amesimama juu ya kaburi la haji, mbali hivi na bahari yetu, lilikuwa jambo zito kwangu, na mpaka leo sipiti Quartzsite bila kusimama pale.

Usiku, saa mbili, tunatandika turubai nje na kulala chali. Kilimia kipo karibu utosini, kile kile ambacho babu alikitazama kabla ya kulima, na Tanga saa hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, umekwisha kuswali na chai ipo jikoni. Ndiyo sababu nakupigia wakati huo.

Turubai hilo ni la plastiki, lina baridi na linapiga kelele mtu akigeuka. Akitokea mtu wa kuja huku kabla ya Aprili, naomba unitumie mkeka wa ukindu, ule mpana wa watu wawili.

Mdogo wako akupendaye,
La Posa, Arizona