Barua ya wazi kwa mpwa wangu: daftari lako linasema nini?

Mpwa wangu mpendwa,

Swali uliloniuliza tulipozungumza mara ya mwisho sikulijibu vizuri. Ulisema kwamba kipato chako kimepanda, madeni yamepungua, hakuna anayekulaumu kwa lolote, na bado kila mwisho wa mwezi unajiona kama mtu aliyeishi mwezi wa mtu mwingine. Nikakwambia uvumilie, maana ndivyo sisi wajomba tunavyojibu tunapokosa jibu. Sasa nimelitafakari, na kwa ruhusa yako naliandika jibu hili mahali pa wazi bila kukutaja jina, kwa sababu wapo wengi wa rika lako, na wa rika langu pia, wanaojiuliza swali hilohilo kimoyomoyo.

Baadaye uliniletea orodha ya mambo matano unayoyathamini: familia, elimu, afya, kuwasaidia wengine na uhuru. Sina shaka kwamba uliiandika kwa moyo safi, lakini orodha ya namna hiyo ni kauli ya mdomo tu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kawaida tunaisoma methali hiyo kama onyo kwa mfanyabiashara. Mimi nadhani daftari lina kazi nyingine kubwa kuliko kulinda mali, nayo ni kutoa ushahidi. Anayetaka kujua mtu anathamini nini na aisome taarifa yake ya benki ya miezi mitatu, kisha aisome wiki yake moja iliyoandikwa saa kwa saa.

Zoezi hilo nililifanya mwenyewe kabla ya kukuandikia, na sikutoka salama. Kwa miaka mingi nimejitangaza kuwa mtu wa kusoma. Upande wa fedha daftari liliniunga mkono, kwani hakuna mwezi ambao sikununua kitabu. Upande wa muda lilinikana, kwa kuwa katika wiki nne nilizoziandika nilisoma kwa saa mbili na dakika chache. Kumbe nilichokuwa nakithamini ni kuonekana na vitabu, au labda ni ile raha ya kujiona kwamba siku moja nitavisoma. Mbaya zaidi, niliona saa nyingi za jioni nilizokaa peke yangu bila kufanya lolote, na nilipojichunguza nikatambua kwamba saa hizo nazipenda na sitaki kuziacha. Utulivu haukuwamo katika orodha yangu kwa sababu niliona haya kuuandika.

Usije ukadhani kwamba pengo kati ya orodha na daftari ni dalili ya unafiki. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi, baadhi yao juu ya mfano wa Msamaria Mwema, na njiani alipangwa mtu aliyeinama mlangoni akikohoa na kuugulia. Kati ya wanafunzi walioambiwa kwamba muda ungalipo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, walisimama asilimia 10 tu, na kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuonekana kuleta tofauti ya maana. Imani yao haikuwa imebadilika kati ya jengo moja na jingine. Kilichobadilika ni haraka. Nilipoyasoma hayo nilikukumbuka wewe na ile simu ya mama yako ambayo hukuipokea kwa siku tatu, na sikukuhukumu tena.

Basi tuitazame haraka yako kwa hesabu. Wiki ina saa 168 kwa kila binadamu. Ukilala saa 8 kila usiku, zinabaki 112. Ukitoa saa 45 za kazi na 10 za kwenda na kurudi, zinabaki 57. Ukitoa kama 20 za kula, kuoga, kufua na shughuli nyingine zisizokwepeka, mkononi mwako zinabaki 37. Hizo 37 ndizo zinazopaswa kubeba mambo yako yote matano. Uliniambia kwamba simu yako inakuonyesha wastani wa saa 3 kwa siku, ambazo ni 21 kwa wiki, yaani zaidi ya nusu ya saa zako huru. Sisemi kwamba simu ni mbaya. Nasema tu kwamba haimo katika orodha yako, nayo inakula kuliko vyote vilivyomo.

Fedha nazo zina ujanja wake. Mshahara tunaugawa kwa saa za mkataba, ilhali kazi inachukua zaidi ya hapo. Chukua saa zilezile 45 na zile 10 za njiani, kisha toa sehemu moja ya kumi ya mshahara kwa nauli na mavazi ambayo usingeyahitaji kama si kazi. Utakuta kwamba malipo yako halisi kwa saa yamepungua kwa zaidi ya robo. Ukikipima kwa kiwango hicho kitu unachotaka kukinunua, utajua ni saa ngapi za uhai wako utakazotoa kukilipia, na baadhi ya vitu vitapoteza mvuto papo hapo. Vingine vitabaki na mvuto wake, na hivyo vinunue bila kujilaumu.

Nikawie kidogo hapa, kwa sababu ndipo palipo na jambo zito zaidi katika taarifa uliyonionyesha. Neno familia, uliloliweka la kwanza, ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote, kwani kila mwezi unawatumia wazazi na wadogo zako bila kukosa, na Mungu akuzidishie. Katika wiki yako ya saa 168, hata hivyo, familia ilipata dakika 40, zote katika simu ulizozipokea huku ukiendelea na jambo jingine. Nimeliona hilo kwa watu wengi wema, na nimelitenda mwenyewe: tunatuma fedha ili tusidaiwe muda. Fedha inafika haraka, ina risiti, na anayeipokea anashukuru, hata sisi wenyewe tunaamini kwamba deni limekwisha. Lakini vitu hivi viwili havibadilishani hivyo. Fedha inaweza kukopwa leo ikalipwa mwakani, na ikipotea inatafutwa tena. Saa ambayo hukuketi na baba yako angali na nguvu za kukusimulia mambo yake, hakuna wa kukukopesha. Kuna nyakati mkondo unageuka, nikiri hilo, kwani mzazi anayehitaji dawa anahitaji fedha kabla ya maongezi, na asiye na kitu hana budi kuuza muda wake wote apate riziki. Wewe hauko huko kwa sasa, na ndiyo maana nakusemea muda.

Jambo jingine nililoliona ni kwamba orodha yako inajipinga yenyewe, nayo si kosa lako. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Shalom Schwartz alieleza aina kumi za tunu za binadamu na kuzipanga katika duara: zinazokaribiana zinasaidiana, na zinazotazamana kutoka pande mbili za duara zinavutana. Kutafuta mafanikio na madaraka kunatazamana na kuwajali wengine. Kujiamulia mambo kunatazamana na usalama na kufuata yaliyozoeleka. Umeandika uhuru, lakini umejifunga kwa mkopo mrefu wa kitu ambacho, kwa maneno yako mwenyewe, ulikichukua kwa sababu wenzako kazini wanacho. Umeandika kuwasaidia wengine, na jioni zako tatu kwa wiki umezitoa kwa kazi ya ziada itakayokupandisha cheo. Huenda cheo unakitaka kweli, na kukitaka si dhambi, mradi ukiandike katika orodha kwa jina lake na ukubali kwamba kitakuwa na gharama upande wa pili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na washauri wengi, ambao daftari likipingana na orodha huharakisha kulisahihisha daftari. Mimi naona mara nyingine orodha ndiyo yenye uongo. Niliufuta utumishi wa kamati katika yangu baada ya kugundua kwamba nilipenda kuitwa mwenyekiti kuliko nilivyopenda kazi yenyewe, nikajiuzulu, na mahali pake nikaandika utulivu. Nilipoteza sifa kidogo nikapata usingizi. Elimu uliyoiandika wewe, je, ni yako, au ni ya baba yako aliyetamani uendelee na masomo? Jibu unalo peke yako, na sitakuuliza mara ya pili.

Yale utakayoyabakiza uyaamulie kabla ya kishawishi kufika. Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 habari za mpango ambao wafanyakazi walikubali mapema kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara ya baadaye iende moja kwa moja kwenye akiba. Katika miezi 40 akiba ya waliojiunga ilipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ya mshahara, bila mtu kuona mshahara wake ukipungua, kwa kuwa kilichokatwa hakikuwa kimezoeleka bado. Nyongeza yako inaanza mwezi ujao. Igawe wiki hii, kabla hujaiona, nusu yake iende kwenye lile ambalo daftari limeonyesha unalidhulumu. Na muda uufanyie vivyo hivyo, kwa kuiandika saa ya familia mapema kama unavyoandika kikao cha kazini ambacho huwezi kukikosa. Yale malipo ya kila mwezi ya huduma usizozitumia yakate leo, hayahitaji tafakuri.

Niletee daftari la wiki nne likiwa lilivyo, bila kulipamba. Mimi nakupigia Jumapili jioni. Saa hiyo nimekwisha kuiandika kwa jina lako, na simu nyingine zote nitakuwa nimezizima.

Ni mimi,
Mjomba wako