Majina ya viongozi wasiorejesha fomu za mali yabandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme jambo linaloniuma kila mwaka unapokaribia kuisha.

Mwaka 2018 kaka yangu alichomewa nyavu zake ufukweni. Macho ya nyavu hizo yalikuwa madogo kuliko yanavyoruhusiwa, na hilo hakulibishia. Moto uliwashwa mchana kweupe, majirani wakitazama, na sisi tuliokuwa tukimsubiri hapa Mwaloni tukajua siku hiyo hiyo nani kavunja sheria na kaadhibiwa vipi.

Sasa tuje kwa wakubwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi, kuanzia Rais hadi diwani wa kata yangu, atoe tamko la mali na madeni yake ndani ya siku 30 tangu ashike madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka. Ni fomu tu. Sekretarieti ya Maadili, inayopokea fomu hizo, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, kwa hiyo hakuna wa kusingizia umbali.

Kwa mbunge, Katiba haikumung'unya maneno: Ibara ya 70 inamtaka apeleke kwa Spika taarifa ya mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa, na ya 71 inasema akishindwa anakoma kuwa mbunge. Wengine je? Shauri linafika Baraza la Maadili, Baraza linasikiliza, kisha linapendekeza. Kuonywa, kushushwa cheo, kufukuzwa, vyote sheria imevitaja, lakini uamuzi unabaki kwa mwenye mamlaka ya nidhamu. Sisi tuliopanga foleni kumpigia mtu kura tunaweza tusijue kabisa kwamba fomu yake haikufika.

Sitaki kuhesabiwa ng'ombe wa diwani. Hizo ni kazi za wahakiki. Ninachodai ni majina: kila Januari, orodha ya wasiorejesha fomu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, na posho zao za vikao zisimame hadi fomu zifike. Atakayepitisha miezi mitatu apoteze kiti chake. Wabunge wa mkoa wetu walipeleke hili bungeni, maana wao tayari wamefungwa na sharti hilo.

Mchuuzi wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.